Mistari Kumi na Miwili

Saa saba na dakika ishirini mchana, mistari yote kumi na miwili iliinama kwa pamoja, kama waumini wanaorukuu nyuma ya imamu mmoja.

Nyamizi aliacha kutafuna. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa vipimo na kipande cha kiazi mkononi, maana siku ile hapakuwa na mtu katika maabara ya Tabora aliyekuwa na moyo wa kukaa mezani. Kila mstari pale ukutani ulikuwa ni mama mmoja wa wodi iliyo ng'ambo ya ua. Chini ya ngozi ya kila mama, jirani na uvimbe wake, ulikuwa umepandwa ushanga mdogo kama punje ya ulezi. Kazi ya ushanga ilikuwa moja: kuhesabu seli za saratani zinavyogawanyika na kutuma hesabu ukutani. Seli zikikimbia, mstari unapanda. Zikitulia, mstari unalala.

"Ninyi mmepatana nini?" aliiuliza, kama mtu anayesema na kuku wake.

Jambo lile halikuwezekana. Kila mama alikuwa na saa yake ya dawa. Bi. Zuwena alipewa kichupa chake saa moja asubuhi, Mama Chilongani saa mbili, na hivyo hivyo mpaka wa kumi na mbili, aliyepewa saa kumi na mbili jioni. Aliyepanga saa hizo alikuwa Mizani, mtambo uliosimamia majaribio yote ya dawa nchini. Zamani wakubwa walikuwa wakiwapenyezea ndugu zao dawa ya kweli na kuwaachia wengine maji. Wananchi wakasema imetosha, na hukumu ikaondolewa mikononi mwa watu. Sasa Mizani peke yake ndiyo iliyojua ni mama gani sita wanaopata dawa na ni gani sita wanaopata maji yenye rangi na uchungu uleule. Nyamizi, muuguzi aliyebeba vichupa kila siku kwa miezi mitano, hakujua. Hata Dokta Mihayo aliyeigundua dawa hakujua.

Na saa sita ya mchana ule, Mizani ilikuwa imeshasema neno lake la mwisho: "Kundi la dawa na kundi la maji hayana tofauti. Jaribio limefungwa. Mbegu mama ya dawa itateketezwa saa kumi alasiri."

Nyamizi aliweka kiazi juu ya meza. Akagusa ukuta, akaurudisha nyuma hadi jana. Saa saba na dakika kumi na tano, mistari kumi na miwili iliinama. Akarudisha juzi, vilevile. Akaenda mpaka Ijumaa. Siku hiyo mistari iliinama saa nane kasoro, baada ya watu kutoka msikitini. Ijumaa ya nyuma yake pia, na ya nyuma yake tena.

Hakuna aliyewahi kuliona hili. Mizani ilitazama jumla ya wiki, haikujali saa. Yeye mwenyewe saa hizo kila siku huwa kwenye mkeka wa sala.

Aliupeleka ukuta nyuma miezi mitatu, kwenye Ramadhani.

Mwezi mzima, siku zote thelathini, mistari haikuinama mchana. Iliinama jua linapotua.

"Subhanallah," Nyamizi alisema, akakaa chini sakafuni. "Wanakunywa pamoja. Wanafuturu nayo."

*

Dokta Mihayo alimkuta palepale sakafuni. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na tangu hukumu ile alikuwa akizunguka ua na kiatu kimoja, kingine hakumbuki alikivulia wapi.

"Dada Nyamizi, inuka. Tumeshindwa, wala si kosa lako."

"Daktari, nikuulize swali la kijinga. Dawa ya sita ukiichanganya na maji ya sita, ukawagawia kumi na wawili sawasawa, kila mtu amepata nini?"

"Nusu kipimo. Lakini nusu haina maana, hatukuipima popote. Kwa nini..." Macho yake yakafuata kidole cha Nyamizi mpaka ukutani. Akatazama Ijumaa. Akatazama Ramadhani.

Dawa ile waliiita mtulizi. Ilikuwa protini iliyotolewa kwenye uyoga mdogo wa rangi ya kutu unaoota kwenye mizizi ya miyombo mvua za kwanza zikinyesha. Siku ya kuwasajili akina mama, Dokta Mihayo aliwaeleza hivi: seli nzima ikigawanyika inajua kusema basi, lakini seli ya saratani imelisahau hilo neno, na mtulizi kazi yake ni kulikumbusha. Alichowaeleza kwa sauti ya chini ni kwamba jaribio la kwanza, kule mji mwingine, lilikwenda vibaya. Kwa kipimo kamili saratani ililala miezi miwili, na mwezi wa tatu ikaamka na hasira.

"Huu mwezi wa ngapi?" Dokta alinong'ona, ingawa alijua.

"Wa tano."

"Wa tano, na bado zimelala. Wote kumi na wawili." Alianza kucheka, kicheko chembamba cha mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Tulikuwa tunazipigia kelele, Nyamizi. Kipimo kizima kilikuwa kelele, zikashtuka, zikatafuta mlango wa nyuma. Nusu inazibembeleza. Miaka kumi na tisa ninaitafuta, na wamama wamenitangulia kuipata." Akashika ukingo wa meza. "Twende kwa Mizani. Sasa hivi. Saa kumi wanachoma mbegu."

Nyamizi hakuinuka.

"Daktari, sheria inasemaje juu ya mshiriki aliyekunywa dawa isiyo yake?"

Kicheko kilimkauka mdomoni. Sheria waliijua wote wawili. Mshiriki wa namna hiyo anatolewa. Ushanga unang'olewa, dawa inakatwa, na jina lake halipokelewi tena katika jaribio lolote nchini mpaka anaingia kaburini. Lakini jaribio likifungwa kwa amani, kama lilivyofungwa leo, masalio yote ya vichupa ni mali ya washiriki. Kwenye jokofu yalikuwamo masalio ya mwaka mzima.

"Tukinyamaza," alisema Nyamizi, "wale kumi na wawili wana mwaka. Tukisema, hawana hata kesho."

"Na tukinyamaza mbegu inaungua. Uyoga ule hauoti tena porini, hiyo ndiyo iliyobaki duniani."

"Najua."

"Basi unangoja nini?"

"Siri si yangu, Daktari. Siri ni ya wenyewe. Nitakwenda kuwauliza."

Saa ya ukutani ilionyesha nane na nusu.

*

Wodini kulikuwa na chupa ya chai ya maua mekundu, imekaa juu ya kabati la Bi. Zuwena. Miezi mitano Nyamizi alikuwa akiipita na kudhani ina chai.

Bi. Zuwena ndiye aliyekuwa kichwa cha wodi. Kabla ya ugonjwa alikuwa mpishi wa shughuli. Alipikia maarusi na maulidi mji mzima, na hata kitandani alivaa kanga kiunoni kama mtu anayetazamia kuitwa jikoni. Alimwona Nyamizi anaitazama ile chupa, akajua.

"Haya," alisema. "Mwanangu ameona."

Mama Chilongani, Mgogo wa Bahi, mwembamba kama ufito, aliacha kusuka ukili wake.

"Nilisema mimi," alisema Mama Chilongani. "Mnyamwezi ni mpagazi tangu zamani, ukimficha mzigo ataunusa tu. Ndiyo kazi waliyoumbiwa."

"Na Mgogo anajua kutunza siri, maana midomo imegandana kwa mlenda," Nyamizi alimrudishia utani. Kicheko kikazunguka vitanda, lakini kilikuwa kifupi.

"Ni mimi niliyeanzisha," alisema Bi. Zuwena. "Siku ile ya kwanza Daktari alivyosema sita dawa, sita maji, nilitazama huku na huku. Nikasema, sisi tunakula sinia moja. Nitamegaje ugali na mwenzangu, najua pengine yeye anakunywa maji na mimi ninakunywa uhai? Tukaapa, Mwislamu kwa msahafu, Mkristo kwa Biblia. Kila mtu akipewa kichupa anakimimina humo, na barafu. Adhuhuri tukishasali nagawa kwa kijiko. Wa kanisani wanatungoja. Ramadhani walitungoja mpaka magharibi, Mungu awalipe."

"Kila siku nilikuwepo, Bibi. Ninawapa mkononi."

"Ulikuwepo. Lakini wewe umelelewa."

Nyamizi alielewa, uso ukamwaka moto. Kila alipotoa kichupa, alikigeuzia kisogo kitanda. Marehemu mama yake alimfundisha hivyo, kwamba mtu mwenye adabu hamkodolei macho mkubwa anapomeza. Aligeuka, akatazama dirishani, akahesabu mpaka kumi, akabonyeza kidole gumba kwenye kibao penye maandishi: *Nimemwona amekunywa.* Akaenda zake.

Hakuwa na wakati wa kuliwaza hilo. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha Bi. Zuwena, akawaeleza yote, bila kupamba wala kuficha. Kwamba kijiko cha Bi. Zuwena kimefanya ambalo maabara zote zimeshindwa. Kwamba uvimbe wao umelala, wa kila mmoja. Kwamba wakinyamaza wana masalio ya mwaka, na baada ya hapo mtulizi hautakuwepo tena duniani. Kwamba wakisema, mtulizi utabaki kwa ajili ya watu wengine, ila wao watatolewa leo hii na hawatapokelewa popote.

"Hao watu wengine ni wangapi?" mama mmoja wa karibu na mlango aliuliza.

"Sijui, mama. Ni wote."

"Wote ndiyo nani?" Mama Chilongani alidakia. "Mimi wote siwajui. Namjua Ndahani, mjukuu wangu, miaka minne, mama yake aliniachia akiwa ananyonya. Mwaka mmoja ni mwaka. Atakuwa ameanza kuchota maji mwenyewe."

Nyamizi aliinamisha kichwa. Alikuwa amekuja na mguu mmoja unataka kukimbilia kwa Mizani na mwingine umegoma, na sasa ule uliogoma ndio uliokuwa na nguvu. Kama wangesema hapana, angeinuka, angekwenda kuketi na kusikia tanuru linavyonguruma saa kumi, na angelibeba jambo hilo mpaka kwa Mola wake. Hilo alikuwa ameshaliamua.

Mama Chilongani aliokota ukili, akasuka pindo mbili, akauacha tena.

"Hiyo inayochomwa," alisema, "umeiita nini?"

"Mbegu mama."

"Ni mbegu kweli, au ni maneno ya wasomi?"

"Ni mbegu, mama. Imo kwenye pipa la kioo, inaota. Kila kichupa kinatoka humo."

Mama yule alipumua kwa pua. "Mngeniambia ni dawa ningekataa. Mbegu ni jambo jingine." Akawageukia wenzake, na sauti yake haikuwa na utani. "Ninyi watu wa mvua hamjui njaa. Sisi tunaijua. Mwaka ule mbaya babu yangu alikufa kwa njaa ndani ya nyumba, na kibuyu cha uwele kimening'inia darini juu ya kichwa chake. Alikuwa na mikono. Hakukigusa. Ulikuwa ni wa kupanda." Akaushika ukili tena. "Mtu hali mbegu. Hata akifa. Nenda kawaambie."

"Mama Chilongani..."

"Nenda kabla sijamkumbuka mtoto tena."

Bi. Zuwena alizungusha macho kitanda hadi kitanda. Mmoja baada ya mwingine waliinamisha vichwa kukubali. Wa karibu na mlango alilia, lakini naye aliinamisha. Bi. Zuwena akaufunga ushungi wake.

"Kimbia, mwanangu," alisema. "Leo usitembee kwa adabu."

*

Nyamizi alikimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na sita, kiatu cha kiuguzi na gauni refu, alivuka ua kama msichana anayefukuzwa na nyuki, na Dokta Mihayo akamfuata na kiatu chake kimoja, ta, pu, ta, pu. Saa ilikuwa tisa na dakika arobaini.

Chumba cha Mizani kilikuwa kitupu isipokuwa kiti, kibao cha kidole, na sauti. Nyuma ya kioo, pipa la mbegu lilikuwa limekwisha kushushwa kwenye reli ya tanuru. Ndani yake ule utando wa rangi ya kutu ulikuwa ukipumua povu, haujui lolote.

Dokta alieleza. Alieleza vizuri, haraka, akionyesha Ijumaa na Ramadhani. Mizani ilisikiliza. Kisha namba zikakimbia juu ya kioo, safu kwa safu, mpaka Nyamizi akaona kizunguzungu.

"Imethibitika," ilisema Mizani. "Nusu kipimo, miezi mitano, seli zimetulia kwa washiriki wote. Haijawahi kuonekana. Uteketezaji umesimamishwa."

Reli ilirudi nyuma. Dokta Mihayo alipiga magoti palepale, paji la uso kwenye kioo, na Nyamizi akasikia akilitaja jina la mkewe, aliyekufa kwa ugonjwa huohuo. Naye machozi yalikuwa yakimtoka bila ruhusa.

"Sasa kosa," ilisema Mizani. "Vichupa vilichanganywa. Sheria inauliza: shahidi wa unywaji alikuwa nani?"

"Mimi."

"Kidole gumba chako kimeshuhudia mara elfu moja na mia nane. Kama shahidi aliona mshiriki akinywa na baadaye mshiriki akadanganya, kosa ni la mshiriki. Kama shahidi hakuona, jaribio halikuwa na ulinzi na kosa ni la shahidi. Nyamizi Kasubi, uliona?"

Nyamizi hakulijua fungu lile la sheria. Alimtazama Dokta. Naye alikuwa ameinua kichwa, rangi imemtoka.

"Nyamizi," alisema kwa sauti ya chini, "fikiri kwanza. Wameshakubali kutolewa. Wamekubali wenyewe. Ukitolewa wewe, nani atakayewashika mkono hao wa jaribio jipya? Nani anaijua kazi hii? Hutagusa tena mgonjwa mahali popote. Miaka ishirini na mbili ya uuguzi."

Maneno yake yalikuwa ya kweli, kila moja, na ndiyo maana yaliuma. Kazi ile ndiyo iliyomweka hai alipobaki peke yake. Angeweza kusema niliona. Neno moja tu, na kidole kilikuwa kimeshalisema mara elfu na zaidi bila yeye kujua kwamba ni uongo.

Ila sasa alijua.

"Sikuona," alisema Nyamizi. "Hata mara moja. Niligeuza uso."

"Kwa nini?"

"Mtu hamkodolei macho mzazi wake anapomeza."

"Sababu hiyo haimo katika orodha," ilisema Mizani. "Sijaielewa."

"Najua," alisema Nyamizi, na kwa mshangao wake mwenyewe akajikuta anatabasamu.

"Kosa ni la shahidi. Washiriki kumi na wawili wanabaki. Kuanzia leo wao ni kundi la kwanza la jaribio la nusu kipimo, na muda wao wa miezi mitano unahesabiwa. Nyamizi Kasubi, weka kidole gumba kwenye kibao. Alama yako inafutwa."

Dokta Mihayo alisema kitu, Nyamizi hakukisikia. Masikio yake yalikuwa yamejaa neno moja, wanabaki, wanabaki, na kidole chake kilishuka kwenye kibao. Kibao kilikuwa cha baridi. Kikamulika, kikazimika.

*

Saa kumi na moja jioni ni saa ya kuwaona wagonjwa. Nyamizi alikuja na gauni lake la nyumbani na kapu la machungwa, kama watu wote. Kwa mazoea aliweka kidole kwenye mlango wa wodi. Mlango haukumtambua. Akajaribu tena, akajicheka, akagonga.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Mama Chilongani.

"Nyamizi."

"Nyamizi wetu hagongi. Ana kidole."

"Wamekichukua."

Akasikia minong'ono, kitanda kinalia, kandambili zinaburuzwa sakafuni, na sauti ya Bi. Zuwena ikiuliza amesema nini, na mtu akimjibu. Dokta alikuwa ameshawaeleza kwamba wanabaki; kwa gharama gani, wanaisikia sasa.

Mama Chilongani alipozungumza, alikuwa amelikaribia tundu la mlango, na sauti ilikuwa nzito.

"Mnyamwezi mjinga wewe. Umeutua mzigo wako ukaubeba wetu."

"Ndiyo kazi tuliyoumbiwa. Unafungua, au nirudi na machungwa yangu?"

"Leo wewe ni mgeni hapa," alisema Mgogo, na kitasa kikaanza kuzunguka kutoka ndani. "Basi mgeni njoo, mwenyeji apone."